Anasema Kama Watu wa Kwao

1 Oktoba, Jumapili

Mvua ya kwanza imetukuta kanisani, na pasta akaisifu kana kwamba ameileta yeye. Nyumbani nimekuta paa linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kiti changu. Basi nimehamia mezani, na kwa kuwa nimeketi mezani bila kazi, nimefungua daftari la matayarisho ya masomo ambalo kurasa zake nyingi ni tupu. Nitaandika mpaka mvua zikatike, nikijaliwa. Mwalimu wa Kiingereza hapa Kalemie, kando ya ziwa, hana mtu wa kumsahihisha, kwa hiyo inabidi ajisahihishe mwenyewe.

Gérard ametuma sauti kwenye simu ya dada yake Tina, kama anavyotuma kila Jumapili. Mama yake husikiliza mara ya kwanza amesimama, halafu huketi na kuanza upya. Kijana anasema yu mzima. Bado yuko Kanada, mji wa Windsor, anapakia mizigo kwenye bohari, na baridi imeanza kumng'ata masikio. Alipitia msituni kama vijana wengi wanaoondoka hapa, akaingia Amerika, akateseka huko, ndipo akavuka kwenda Kanada, na Kanada wamempa karatasi ya kukaa. Karatasi hiyo ndiyo inayompa usingizi Mujinga, mke wangu. Mtoto aliye Amerika bila karatasi anaweza kukamatwa na kijiko kikiwa mdomoni. Aliye Kanada na karatasi yake anakula akamaliza.

8 Oktoba, Jumapili

Papa Kalala, jirani yetu, mstaafu wa reli, amekuja kusikiliza habari kwenye redio yangu, yaani amekuja kuzungumza mpaka habari ziishe. Leo ametukuta tunamsikiliza Gérard.

"Papa Gérard, huyu mutoto akirudi hamutasikilizana," akaniambia. "Wewe unafundisha Kingereza ya Amerika, yeye atakuja na ya Kanada."

Nikamwambia ni Kiingereza kimoja. Nimekifundisha maisha yangu yote, nimesikiliza kila idhaa inayofika hapa, na ukiwafungia Mkanada na Mmarekani katika chumba cha giza huwezi kujua nani ni nani.

"Wewe umefundisha ya mu kitabu. Mi nimebeba wazungu wenyewe."

Ni kweli aliwabeba. Reli ilipolala, Kalala alipata udereva katika shirika moja la misaada, na nyuma ya gari lake walikaa wazungu wawili, Mkanada na Mmarekani, barabara ya Nyunzu kwenda na kurudi. Anadai alikuwa akiwatambua bila kugeuza shingo.

"Sikiliza neno yao ya kuomba musamaha. Mumarekani anafungua mudomo yote, utazani iko kwa munganga ya meno. Mukanada anaukusanya, kama muntu anapuliza moto. Na neno yao ya nyumba, Mukanada anaikata fupi. Njo vile unamujua."

Mujinga alicheka, na Tina akajaribu kuongea kwa mdomo wa kupuliza moto. Nami nilicheka. Kalala ana jibu la kila kitu isipokuwa kwa nini treni ya Kabalo haifiki.

17 Oktoba

Mvua. Homa. Sikufundisha.

5 Novemba, Jumapili

Rubens amerudi. Ni mtoto wa Mama Clémentine wa nyumba ya pembeni. Yeye na Gérard waliondoka pamoja. Muda wote huu mama yake alitoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu amemfikisha mwanawe Kanada. Kumbe hakuwahi kukanyaga huko. Alikuwa Amerika, akajificha, akakamatwa, akawekwa kizuizini, na humo kizuizini akaendelea kumwambia mama yake kwamba Kanada ni nzuri. Wamemrudisha kwa ndege mpaka Kinshasa na mfuko wa plastiki, viatu havina kamba.

Nilikwenda kumsalimia. Hakuinua uso. Nikamuuliza habari za Gérard.

"Tuliachana kule Amerika, Papa. Yeye alisema ataenda Kanada. Na mi nilikuwa nasema nitaenda."

"Juu ya nini ulimudanganya mama yako?"

"Ningemwambia nini? Kila mara anauliza kama niko Kanada. Muntu akikuuliza vile, unamupa ile anataka."

Mama Clémentine siku hizi anapita nyuma ya nyumba zetu ili asikutane na watu. Mujinga anasema Gérard wetu hawezi kufanya hivyo. Nimemjibu kwamba hawezi kabisa. Kisha nimekaa na hofu yangu peke yangu, nikaona ni hofu kubwa.

12 Novemba, Jumapili

Gérard ametuma sauti. Kwa mara ya kwanza sikumsikiliza yeye. Nilisikiliza nyuma yake. Kulikuwa na mlango unaofungwa na mtu anayecheka, basi.

26 Novemba, Jumapili

Nimeazima atlasi ya shule, ile ya Wabelgiji, ambayo bado inauita mji huu Albertville. Windsor nimeipata mwisho kabisa wa Kanada, chini, imegandamana na Amerika, mto tu katikati. Ng'ambo ya mto kuna Detroit, mji mkubwa wa Wamarekani. Sikupenda. Mtu anayetaka kudanganya angechagua mji kama huo hasa, mguu mmoja hapa na mmoja kule.

Ziwa limepanda. Wavuvi wa kwetu wanafunga mitumbwi mahali tulipokuwa tukianika ndakala, dagaa wetu.

3 Desemba, Jumapili

Wiki hii mkaguzi alikuja kutoka Lubumbashi, akanisikiliza darasani, na wakati wa kula akaniuliza kama mimi ni Mtanzania. Nilikaribia kumnyang'anya samaki wake.

Hili si jipya. Nilipokuwa mwanafunzi Lubumbashi nilipanga chumba kwa mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa. Siku moja askari walinisimamisha mbele ya nyumba yake. Waliponisikia naongea wakasema mimi ni mgeni, nimevuka ziwa kutoka Kigoma bila karatasi, nipande gari lao. Nikaongea zaidi ili niwaridhishe, na kadiri nilivyoongea ndivyo walivyozidi kusadiki kwamba mimi ni wa Kigoma. Yule mama akatoka na mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi.

"Muacheni! Anasema kama watu wa kwao, kule ku ziwa. Mulitaka aseme kama nani?"

Wakaniacha. Sikumbuki kama nilimshukuru. Nilikuwa kijana, nilijali zaidi kwamba wasichana wa jirani wameona.

24 Desemba, Jumapili

Gérard ameimba kipande cha wimbo wa Noeli wa Kwaya ya Vijana, mama yake akalia. Nyuma yake kimya.

14 Januari, Jumapili

Maji yameingia uani kwa Kalala. Yeye anasema ni ya mvua. Nimemwonyesha dagaa mdogo aliye hai ndani yake.

21 Januari, Jumapili

Tumejaza mchanga kwenye viroba na kuvipanga mbele ya mlango. Tina amebeba kuliko mimi. Gérard anasema kwao kuna theluji mpaka magotini na kwamba anakwenda kazini kwa miguu alfajiri. Mujinga amemwambia avae soksi mbili. Mimi nilitaka kumwambia kitu kingine, nikamrudishia Tina simu yake.

4 Februari, Jumapili

Leo nimesikia.

Gérard alikuwa anaongea na mama yake juu ya supu, akiwa kazini bila shaka, kwa kuwa kulikuwa na magurudumu ya kigari cha mizigo. Kigari kikamgusa. Sauti ya mwanamume ikamwomba msamaha, kisha ikamuuliza kama anataka kupelekwa nyumbani kwa gari baadaye. Maneno yote mawili ya Kalala, "sorry" na "house", moja baada ya jingine. Nikamwambia Tina arudishe. Arudishe tena. Mdomo wa mtu yule ulikuwa wazi kabisa, na neno la nyumba alilivuta mpaka likapiga magoti.

Mujinga alipokwenda jikoni nikamwita Kalala. Aliweka simu sikioni na kufumba macho, kama anavyofanya pasta akiombea mgonjwa.

"Huyu ni Mumarekani mutupu," akasema.

"Una hakika?"

"Papa Gérard, mi nimewabeba."

Mimi niliyeapa kwamba hakuna tofauti, leo niliisikia. Na nilipokwisha kuisikia sikuweza kuacha kuisikia. Nimerudi kwenye sauti za zamani zilizobaki kwenye simu, na kila mtu anayepita nyuma ya Gérard naona ni Mmarekani, hata anayecheka. Mwanangu yuko Amerika. Hana karatasi. Siku moja atashuka Kinshasa na mfuko wa plastiki, na mama yake, ambaye ameacha kuogopa, atakuwa hajajiandaa.

Sijui kinachoniuma zaidi, hatari aliyomo au kwamba amenidanganya mimi, tena kwa Kiingereza.

7 Februari

Mujinga aliniuliza kwa nini sili. Nikasema ni mvua.

11 Februari, Jumapili

Baada ya ibada nilichukua simu ya Tina, nikaenda kusimama karibu na viroba vya mchanga ili Mujinga asisikie. Naandika nilichosema ili nisije nikajipunguzia baadaye.

"Gérard, ni mi papa yako. Nimesikia watu wenye kuwa nyuma yako. Wale si Wakanada. Mi njo mwalimu wa luga yao, hauwezi kunificha. Uko Amerika. Unamudanganya mama yako sawa Rubens alimudanganya wake. Usitume sauti ingine mpaka utakuwa tayari kusema kweli."

Nilipomaliza nilijiona baba. Niseme hivyo pia.

18 Februari, Jumapili

Jibu limekuja, fupi.

"Papa, niko fasi ile niliwaambia. Sina ingine ya kusema."

Hakumsalimia mama yake. Mujinga aligeuza simu huku na huku kana kwamba salamu imedondoka. Tina, ambaye husikia kila kinachopita kwenye simu yake, aliniangalia na kuondoka.

20 Februari

Mujinga amerudi kutoka bandarini anacheka, mara ya kwanza wiki hii. Mfanyabiashara wa Kigoma aliyemuuzia chumvi alimuuliza yeye ni wa mtaa gani wa Kigoma. Alipomwambia ni wa hapa Kalemie, hakusadiki.

25 Februari, Jumapili

Hakuna sauti.

28 Februari

Ziwa liko kwenye viroba. Ukisimama mlangoni unalisikia linapumua.

3 Machi, Jumapili

Hakuna sauti. Mujinga aliketi na simu ya Tina mapajani kutoka ibadani mpaka wakati wa kupika. Nikasema labda ni mtandao. Akasema, "Kwa Mama Clémentine mutandao unafika." Nilitaka kumweleza nilichofanya. Nikaahirisha mpaka kesho, tukiwa tumetulia.

Aristide, mdogo wangu, alipita jioni. Hakuingia. Aliuliza kama wote tumo, nikasema tumo, akaondoka. Nilidhani ameogopa matope.

9 Machi

Sasa ninaweza kushika kalamu. Naandika siku ya tarehe 4 jinsi ilivyokwenda.

Asubuhi ile maji yalivuka viroba. Si mengi, ulimi tu chini ya mlango, lakini nilijua kufikia adhuhuri yangekuwa sebuleni. Nilikuwa nimepandisha suruali magotini, nawaza nianze na kitu gani, nilipowaona wanaume wanakuja katika mvua. Kalala mbele, Aristide, vijana wa kwaya, baba wawili wa mtaa. Nyuma yao wanawake. Hakuna aliyejifunika mwavuli. Moyo wangu ulifurahi. Nilijiambia, Isidore, unawasema vibaya watu hawa mwaka mzima, na tazama, hawakungoja uwaite.

Waliingia bila kelele wakaanza kutoa viti. Nikawapa maelekezo. "Kabati kwanza! Ile meza mushike na chini, muguu yake moja ni mugonjwa." Walinitii. Hakuna aliyenijibu kwa mzaha, na mimi, mpumbavu, nikaona ni heshima. Kiti changu kikatoka. Redio ikatoka, Kalala ameibeba kwa mikono yote miwili na hanitazami. Niliwaambia wasisahau gunia la unga lililo pembeni kwa sababu liko chini. Wakaliacha. Nikasema tena, gunia! Kijana mmoja alisimama, akamtazama Aristide, akaliacha.

Wanawake walipita moja kwa moja kwenda chumbani kwa Mujinga na kufunga mlango.

Sebule ilipokuwa tupu, Mama Clémentine akaingia na mikeka chini ya kwapa. Yeye ambaye hapiti mbele ya nyumba za watu. Akaanza kuitandika sakafuni, mmoja kando ya mwingine, mpaka ukutani, na maji yale yakaja yakalowesha ukingo wa mkeka wa kwanza, naye akauvuta kidogo na kuendelea.

Nikamuuliza, "Mama, nani anatandika mikeka fasi maji inakuja?"

Alitandika mkeka mwingine. Na ndipo nikajua, kwa sababu sisi sote tunajua. Nyumba inayohamishwa kwa ajili ya maji huondolewa unga kwanza. Nyumba inayotolewa viti na kutandikwa mikeka ni nyumba ya kilio. Mimi mwenyewe nimebeba kabati za watu, nikiwa nimeinamisha kichwa, huku wenye nyumba wakiuliza kuna nini. Habari huletwa kwa ndugu wa pembeni kwanza, kisha watu hukusanyika, ndipo mwenyewe anaambiwa akiwa tayari ameshikwa pande zote. Nilikuwa nimewasimamia wanaotandika kilio changu, na kuwakemea juu ya mguu wa meza.

Mujinga alipiga kelele chumbani. Aristide alikuwa ameshika mkono wangu.

"Kaka," akasema, "Gérard wetu hayuko tena. Gari ilimugonga asubui mu teluji, iko anaenda ku kazi. Wakongomani ya kule walinipigia jana."

Na mimi, baba yake, unajua niliuliza nini? Sikuuliza kama aliteseka, wala kama kulikuwa na mtu karibu yake.

Niliuliza, "Amefia wapi?"

"Windsor," akasema Aristide, akishangaa. "Kule kwake, Kanada."

11 Machi

Wamemzika huko. Wakongomani wa Windsor walisimama kaburini, wakatutumia picha. Theluji, makoti meusi, sanduku. Tulilia juu ya mikeka bila mwili, picha yake ya kumaliza shule ikiwa kwenye kiti kimoja kilichoachwa ndani.

15 Machi

Watu wameondoka. Maji yamebaki. Tumehamia nyumba ya Aristide.

24 Machi, Jumapili

Baada ya ibada simu ya Tina ililia, namba ndefu. Mwanamke akaongea Kiingereza, na nyumba nzima ikanitazama mimi kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu.

Alikuwa mwenye nyumba aliyempangisha Gérard chumba, jina lake Joyce. Wakongomani wa huko ndio waliompa namba. Akaanza na lile neno ambalo kwao ni la kuomba msamaha na la kutoa pole pia, na mimi, baba wa marehemu, nikajikuta nasikiliza mdomo wake kama umefunguka au umekusanyika. Nilijichukia. Niliinamisha kichwa na kumwacha aongee. Mdomo, kwa sikio langu, ulikuwa wazi.

Nikamuuliza ametoka wapi. Akasema amezaliwa Windsor, na mama yake pia. Hajawahi kuishi kwingine. Nikasema anaongea kama Mmarekani. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka kulia, akasema hata akisafiri Kanada kwao wapo wanaomuuliza hivyo. Wao wamekua wakitazama televisheni ya ng'ambo ya mto, na wengine huvuka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Akasema yeye hasikii tofauti, ila watu wa mbali husema wanaisikia. Kisha akasema Gérard naye alimuuliza jambo hilohilo, wiki yake ya mwisho.

Simu ya Gérard ilikuwa imeanguka kwenye theluji na kufa. Ijumaa alimwomba Mama Joyce simu yake, wakarekodi ujumbe jikoni. Mama Joyce akamwambia autume mara moja. Gérard akasema hapana, atautuma Jumapili, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku ya nyumbani. Jumamosi alfajiri alikwenda kazini.

Ametutumia. Tuliusikiliza wote, Mujinga amesimama.

"Jambo Papa. Jambo Mama, jambo Tina. Hii ni simu ya mama mwenye nyumba, yangu imekufa. Papa, nilikasirika, lakini imepita. Umesema mi ni muongo sawa Rubens. Sasa mwalimu, nimekuletea mutihani. Huyu mama alizaliwa hapa, na mama yake alizaliwa hapa. Sikiliza muzuri."

Mama Joyce akaongea: jina lake, mji wake, kwamba kijana ni mzuri na hali chakula cha kutosha. Kisha Gérard tena, anacheka:

"Umesikia? Basi niambie, anasema kama nani?"

Baada ya hapo kuna muda wa kimya, friji inanguruma, kama vile anangoja jibu. Halafu inakatika.

Mujinga hakuketi kusikiliza mara ya pili. Aliuliza, "Ulimwambia nini mutoto yangu?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, kama nilivyoliandika hapa.

31 Machi, Pasaka

Mujinga analala chumba cha Tina. Ananipakulia chakula, ananijibu nikimuuliza. Sina haki ya kuomba zaidi.

Nimefikiri juu ya yule mama wa Lubumbashi na mwiko wake. Yeye hakuwa ndugu yangu. Nimefikiri juu ya muuza chumvi wa Kigoma. Nimeishi maisha yangu yote kwenye ukingo wa maji ambapo watu wa pande mbili wameongea sana mpaka wamefanana, nimechekwa kwa sababu hiyo, nimekaribia kupandishwa gari la askari kwa sababu hiyo. Kati ya akina baba wote wenye watoto Windsor, ni mimi niliyepaswa kuelewa.

14 Aprili, Jumapili

Kalala amekuja kwa Aristide. Tangu kilio alikuwa ananikwepa, nami nilifurahi anikwepe. Aliomba kumsikia Mama Joyce. Nikampa simu. Safari hii hakufumba macho.

"Mi sisikie kitu," akasema mwishoni.

"Na wazungu wako?"

Alichezea kofia yake kwa muda. "Wale wazungu, Papa Gérard... Mukanada alikuwa anakaa nyuma yangu, Mumarekani upande ingine. Siku zote. Walikuwa hawabadilishe fasi."

Zamani ningemfukuza. Nilitafuta hasira nikakuta imekwisha. Yeye alipiga porojo kama anavyopiga porojo juu ya kila kitu. Ni mimi niliyeigeuza hukumu. Nikamwambia akae, tukasikiliza redio. Hakusema neno mpaka habari zikaisha.

28 Aprili, Jumapili

Haijanyesha. Maji yanarudi polepole, yameacha mstari ukutani kwetu, juu ya magoti.

5 Mei, Jumapili

Tumerudi nyumbani. Vijana wa kwaya walileta viti, Kalala akaleta redio. Niliogopa nilipowaona wanaingiza kabati, lakini walipiga kelele nyingi, wakabishana juu ya mguu wa meza, ikapita.

Walipoondoka, Mujinga alitoka chumbani na simu ya Tina. Akaiweka mezani mbele yangu, juu ya daftari hili, na kuufungua ujumbe wa Gérard. Tulisikiliza mpaka kwenye kimya cha friji. Safari hii alikuwa ameketi.

"Mutoto aliuliza," akasema. "Mpaka leo haujamujibu. Mujibu."

Nikamwambia hakuna wa kumjibu. Hakuondoka. Alinitazama kama mwanafunzi anayejua kwamba mwalimu analijua jibu na analificha. Basi nikainamia ile simu.

"Anasema kama watu wa kwao," nikasema.

Mujinga alisogeza simu karibu na mdomo wangu.

"Sema tena," akaniambia. "Yeye iko mbali."

Nikasema tena.